Kapu Lililopigiliwa Misumari

Nyinyi vijana wa banda la mbao mmeniomba niandike habari za kazi yangu, kwa sababu nimeshuka ngazi na sitapanda tena. Goti limekataa. Nimekubali, lakini msitegemee habari za kupanda cheo. Fundi wa dari hana cheo, ana ngazi tu, na ngazi hupandwa asubuhi ikashukwa jioni. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Naandika polepole, kama ngamia anayeshuka penye mawe. Mkiona kosa, nyamazeni. Mimi nimenyamazia kona zenu nyingi zisizokutana.

Najua pia mnachokitaka. Mnataka habari ya ule mkutano. Kuna mmoja wenu, aliyezaliwa juzi, aliniita Fundi Bunduki mbele ya mteja akidhani ananisifu. Hapa Isiolo jina hilo limetajwa kuliko jina alilonipa baba yangu, ambalo ni Guyo. Basi nitawaeleza lilikotoka. Lakini nitaanza na neno moja la kazi yetu, kwa sababu bila hilo neno mtacheka tu kama wengine.

Niliingia mjini baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba. Sisi Waborana, mwanamume asiye na ng'ombe hujibu salamu kwa sauti ndogo. Nilipata kibarua cha kubeba mbao kwa Fundi Mutwiri, Mmeru aliyeshuka kutoka kule juu kwenye baridi na kufungua karakana mtaa wa Chechelesi. Siku ya kwanza alinipa msumeno nikate ubao wa saiprasi. Nilikata kwa nguvu zote nipate kuonekana.

Akautazama ule mkato. "Umekata au umechinja?"

"Nimekata, Fundi."

"Basi damu iko wapi? Maana shingo naiona." Akaninyang'anya msumeno, akanipa ufagio. "Fagia. Ukifagia vizuri utajua kila mti unatoa vumbi gani. Ukishajua vumbi, tutaongea habari ya meno ya msumeno."

Nilifagia mpaka nikaweza kutambua saiprasi, podo na mkarati kwa harufu, macho yakiwa yamefungwa. Nyinyi leo mnajua mbao kwa bei yake. Sisemi zaidi.

Mutwiri alikuwa na randa ambayo mpini wake ulikuwa umelika ukafuata kiganja chake. Mtu mwingine akiishika, inamkataa. Pima maji yake ilikuwa mbovu, tone la hewa lilikuwa linasimama upande hata kwenye meza iliyonyooka, lakini hakununua nyingine. Alijua imekosea kiasi gani, akawa anatoa kosa kichwani. Aliniambia chombo kinachodanganya kila siku kwa kiasi kilekile ni chombo cha kweli. Mtu anayedanganya leo na kesho anasema kweli, huyo ndiye wa kuogopa.

Kazi yake kubwa ilikuwa dari. Mnajua mabati ya hapa saa sita mchana: mtu anaokwa kama mandazi. Kwa hiyo aliyejiweza aliweka silingi, ndiyo dari yenyewe, na aliyejiweza zaidi alitaka silingi ya kuringia. Hapo ndipo lilipoingia lile neno.

Tulikuwa tunatengeneza dari ya chumba cha kulia chakula cha mapadri. Siyo dari ya kunyooka. Ilikuwa na boriti zinazopita huku na huku, zikikatana, na katikati ya boriti kuna vishimo vya mraba, kila kishimo kimezibwa kwa ubao juu na kuzungushiwa bidingi, vile vijiti vyembamba vya urembo. Ukiinua macho unaona kama masanduku mengi yamefunguliwa vifuniko, yanakutazama. Tukiwa tunakunywa chai, nilimwuliza Mutwiri dari ya namna hiyo inaitwaje.

"Kwa Kizungu ni dari ya kofa," akasema.

"Kofa ni nini?"

Mutwiri alikuwa amefanya kazi ujanani kwa bruda mmoja wa misheni, Mwitaliano, mzee wa ndevu aliyependa kueleza mambo kuliko kula. Kila alichokijua bruda kuhusu mbao, Mutwiri alikibeba. Akaweka kikombe chini.

"Zamani sana," akasema, "Mgiriki alikuwa na neno kofinos. Maana yake kapu, kapu hili la kubebea vitu. Mlatini akalichukua. Likafika kwa Mfaransa, akalifanya sanduku. Mwingereza akaliona sanduku la Mfaransa, akalipandisha darini. Hilo ndilo neno. Limetembea kuliko mimi na wewe."

"Na hao Walatini nao walikuwa wanaita dari hivyo?"

"Hapana. Wao kwa dari walikuwa na neno lao, la shimo, kidimbwi cha maji. Kwa sababu ukilala chali ukatazama, ni vidimbwi. Bruda alisema watu wa kwanza hawakuwa wanapamba. Walilaza boriti, wakalaza nyingine juu yake, nafasi ikabaki katikati. Ilikuwa miti tu. Baadaye wenye kujenga kwa mawe wakapenda ile sura, wakachonga mawe yafanane na miti. Jiwe likitobolewa hivyo huwa jepesi, halivunji nyumba. Kuna nyumba moja ya duara kule Roma, kuba lake lote ni vishimo. Bruda alikuwa na picha yake ukutani, karibu na Bikira Maria."

Hapo Hassan akaingilia. Hassan alikuwa Msomali, mpigilia misumari wetu, mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko nyundo yake. "Ngoja, Fundi. Yaani sisi hapa tunasuka makapu?"

"Ukipenda kusema hivyo."

Hassan akanigeukia, akanishika mkono kwa heshima kubwa. "Salaam aleikum, Mama Guyo! Habari ya makuti?"

Karakana yote ikacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nilipasuka. Lazima niwaeleze, kwa sababu wengine wenu mmezaliwa mjini hamjui. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Ni yeye anayekata fito, anazipinda, anazifunga, anafunika kwa mikeka. Hata chicho, kile chombo cha maziwa, ni yeye anayekisuka kwa nyuzi za mizizi mpaka kinashika maziwa bila kuvuja. Mwanamume huchunga, huchimba kisima, hupigana akilazimika. Mama yangu alikuwa msukaji anayejulikana. Na mimi, ambaye ng'ombe wamekwisha, nilikuwa tayari nimepanda juu ya nyumba za watu kufunga fito. Nilijifariji kwamba hii ni kazi nyingine, kazi ya nyundo. Sasa naambiwa kumbe jina lenyewe ni kapu.

Kwa muda mrefu mtaani waliniita Mama Guyo. Hassan hakuwa na ubaya, Mungu amrehemu. Alikuwa hajui kuacha.

Mutwiri hakucheka. Siku ileile alinipandisha juu kwenye jukwaa la miti akanionyesha kwa nini lile neno linafaa. Fremu ya kila kishimo ilikuwa imechimbwa mfuo kwa ndani, na ubao wa katikati ulikuwa umeingia ndani ya mfuo huo bila gundi na bila msumari. Akausukuma kwa kidole, ukasogea kidogo.

"Umeona? Umelegea."

"Nimeona. Tuupigilie?"

"Ukiupigilia nitakupigilia wewe. Mbao haifi, Guyo. Umeikata, umeiranda, umeipaka vanishi, bado inapumua. Ikipata mvua inanenepa, ikipata jua inakonda. Hapa kwenu jua ni jingi, itakonda sana. Ukiibana pande zote itakonda ikielekea wapi? Itapasuka. Kapu hubeba, halibani. Shika hilo tu, hayo mengine ya Mgiriki usahau ukitaka."

Mimi nilifanya kinyume. Hayo ya Mgiriki sikuyasahau hata siku moja, na lile la kushika sikulishika.

Nilipofungua banda langu mwenyewe, dari za kofa zikawa ndizo zinazonilisha. Mteja akiuliza maana ya neno, nilimwambia ni sanduku, sanduku la wafalme la kuwekea dhahabu. Wateja walipenda. Kapu sikulitaja. Na mtu akishasema sanduku mara nyingi, mikono yake nayo huanza kuamini, na sanduku hupigiliwa misumari. Nikaacha kuchimba mifuo. Nilikuwa naweka ubao juu ya fremu, gundi, misumari, bidingi, kwisha.

Haikuleta shida, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Siku hizo wateja wengi walitaka plaiwudi katikati, na plaiwudi haina tabia za mbao. Imegundishwa matabaka yanayovutana, hainenepi wala haikondi kiasi cha kutisha. Nikapigilia miaka na miaka na hakuna kilicholia. Nikajiona nimempita Mutwiri. Nikawaambia hata vijana wangu kwamba mfuo ni uvivu wa wazee wasio na gundi nzuri.

Ndipo wafanyabiashara wa mifugo wakajenga ukumbi. Mwenyekiti wa ujenzi alikuwa Haji Galgalo, mtu wa ukoo wetu, tajiri wa mbuzi. Akanijia na kanzu nyeupe mpaka kwenye maranda.

"Guyo, nataka ile ya masanduku. Na sitaki hayo makaratasi yenu ya plaiwudi. Mbao kamili, mtu akiingia aseme Isiolo kuna watu."

"Mbao kamili ni nzito, Haji."

"Mimi nilikuambia nataka nyepesi?"

Mbao zilikuja kwa lori kutoka juu, saiprasi pana, nzuri, ya kukatwa majuzi. Ukiweka kiganja unasikia ubaridi. Ilifaa zikae bandani kiangazi kizima, zimepangwa kwa vijiti katikati zipitishe hewa. Lakini Haji alikuwa na haraka na haraka yake ilikuwa na sababu. Ukame ulikuwa umerudi. Malisho yaliyobaki yalikuwa upande wa Kipsing, na watu wa ng'ombe wa pande mbili walikuwa wanatazamana vibaya kwenye visima. Kabila la upande wa pili silitaji, kalamu isije ikaongeza kuni. Wazee wa pande zote walikuwa wamekubali kuketi pamoja, na Haji alitaka waketi katika ukumbi mpya, chini ya dari mpya, iwe heshima kwao.

Mutwiri alikuwa amestaafu, yuko shambani kwake. Alipita siku moja tukiwa tunamalizia, akiwa na kofia yake ya sufu hata kwenye joto hilo. Akagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Guyo, hii mbao bado iko Meru."

"Si hii hapa, Mzee."

"Mwili umefika. Roho iko njiani." Akainua macho. "Umeiachia nafasi ya kupumua?"

Vijana wangu walikuwa wanasikia. Haji alikuwa mlangoni. Nikasema, na nilisema kwa sauti: "Mzee, hii ni dari ya wanaume. Si kapu la kwenda sokoni."

Aliitengeneza kofia yake kichwani, akawasalimu vijana mmoja mmoja, akaenda zake.

Siku ya mkutano nilikuwepo, nimevaa koti. Haji alikuwa amenipa kiti karibu na ukuta ili baadaye anisimamishe nipigiwe makofi. Wazee waliingia wakaketi pande mbili, fimbo zao zimelazwa sakafuni katikati, hiyo ikiwa alama kwamba hakuna aliyekuja kupigana. Walinzi na bunduki zao waliambiwa wakae nje. Wazee walitazama juu. Mzee mmoja wa Kipsing, mrefu, mwenye blanketi la mistari, alinyoosha fimbo akahesabu vishimo kwa mdomo bila sauti, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nilikunywa ile sura kama maziwa.

Maneno yakaanza vizuri. Walikuwa wamefika kwenye visima, nani ananywesha lini. Jua likasimama juu ya mabati. Ukumbi ukawa wa moto, na watu wengi, na hewa kavu.

Basi ubao mmoja ukapasuka.

Nyinyi hamjawahi kusikia. Ubao mpana uliobanwa pande zote ukipasuka hautoi mlio wa mbao. Unatoa mlio wa bunduki, mmoja, mkali, mkavu, na ukumbi wa saruji unauongeza. Mji mwingine watu wangeinua macho. Hapa sisi tumezoeshwa vingine. Wazee wote, wa huku na wa huku, watu wenye mvi, walilala sakafuni kwa pamoja. Viti vikaanguka. Wa pili ukalia. Kipande cha bidingi kikaanguka kikampiga mzee mmoja wa Kipsing begani, akajishika akisema amepigwa.

Mimi nilijua papo hapo. Fundi huijua sauti ya mbao yake. Nilisimama peke yangu katikati ya watu waliolala, nikapiga kelele: "Ni mbao! Ni silingi! Ni silingi yangu!"

"Lala chini, mjinga!" Haji akaniambia kutoka chini ya meza.

"Haji, ni dari inalia!"

"Dari inapiga risasi?"

Walinzi wa nje walisikia mlio wakaingia mbio, bunduki mkononi, kama ilivyo kazi yao. Wenzetu wa Kipsing walipoinua vichwa waliona bunduki mlangoni. Walikuwa wameahidiwa hakuna bunduki ndani. Wakatoka kwa madirisha, wazee wale, blanketi zikikwama kwenye vyuma. Mimi bado nilikuwa nasema ni silingi. Mmoja wao alipita karibu yangu akanitazama usoni, na alivyonitazama ni kama mtu anayekariri sura ya muongo ili asiisahau. Fimbo zao walizoziacha sakafuni ndizo nilizoziokota.

Kabla jua halijatua mji mzima ulikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza, kwamba wazee wa Kipsing wameitwa kuuawa. Ya pili, kwamba wao ndio walioingia na bastola chini ya blanketi. Hadithi ya mbao haikuwa na mtu isipokuwa mimi, na nani anasikiliza mbao.

Mama yangu alikuwa bado hai, mzee sana, haoni vizuri. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa. Vidole vyake viliendelea kusuka hewa kama kawaida yake. Kisha akasema, "Ningekuzaa msichana ungejua." Hakurudia tena habari hiyo mpaka alipokufa.

Niliung'oa ule ubao wa kwanza kupasuka, nikaufunga kwenye gunia pamoja na fimbo za wazee, nikaenda Kipsing. Haji alinipa gari na dereva, yeye mwenyewe hakuja. Njia nzima nilijifunza nitakavyosema. Nilidhani aibu itakuwa ile ya kusema mbele ya wageni kwamba kazi yangu ni mbaya.

Walinikalisha juani. Yule mzee mrefu wa blanketi la mistari alikuja na wenzake wawili. Niliwapa fimbo zao kwanza, kila mmoja akaitambua yake. Kisha nikatoa ubao. Wakaupitisha mkono kwa mkono. Waliutazama kama kuna tundu la risasi. Mmoja akaunusa, akitafuta baruti. Yule mzee mrefu akaingiza ukucha kwenye ufa, akaufuata kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Huu umepasukia kwenye mshipa wake," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa nini?"

"Niliubana."

"Kwa nini uliubana?"

Nimweleze Mgiriki? Nimweleze Hassan na chai? Nilisema, "Niliambiwa nisiubane. Nikaona ni kazi ya wanawake."

Wale wawili walitazamana. Nadhani siku nyingine wangecheka. Yule mrefu akaulaza ubao chini taratibu.

"Fundi, nakuamini," akasema. "Ungekuja mapema. Watu wetu walipoambiwa wazee wamepigwa risasi mjini, vijana walikataa kungoja zamu kisimani. Na wenu walikuwa huko pia, nao wameambiwa ya kwao. Kuna mtu wetu amepigwa mguu. Ana watoto wawili. Wamempeleka hospitali ya huko kwenu."

Nilirudi mjini.

Mnaniuliza mimi kama risasi ile ingelia hata bila dari yangu. Ukame ulikuwepo, bunduki zilikuwepo, hasira ilikuwepo kabla sijanunua hata msumari. Haji alinifariji hivyo, na imamu pia. Nimekubali kwa mdomo. Lakini mimi ni fundi, na fundi akiona ufa hufuata mpaka unapoanzia.

Dari niliishusha yote. Hii ndiyo sehemu mtakayoihitaji, kwa hiyo sikilizeni. Mbao nilizipanga bandani, vijiti katikati, miguu yake juu ya mawe mchwa wasipande, nikaziacha mpaka zikawa nyepesi mkononi na ukizigonga zinaimba. Nilichimba mfuo kila fremu. Kila ubao wa katikati niliupunguza upate nafasi pande zote, nikaupaka nta kingo zake uteleze. Bidingi niliipigilia kwenye fremu, kamwe si kwenye ubao. Vanishi niliipaka kabla ya kuingiza ubao, kwa sababu ukipaka baadaye, utakapokonda utaacha mstari mweupe pembeni. Mutwiri alikuja, sikumwita. Hakusema "nilikuambia". Alishika ngazi yangu. Mzee yule, kofia ya sufu, alishika ngazi chini yangu kama kibarua wa siku ya kwanza, na sikuweza kumtazama. Kuna watu wakikusamehe unatamani wangekutukana.

Ubao wa mwisho nilipouingiza, niliusukuma kwa kidole. Ukasogea. Mutwiri akasema kutoka chini, "Sasa ni kapu." Nikasema, "Ndiyo, Mzee, ni kapu." Mara ya kwanza kulitamka mbele ya watu.

Mkutano wa pili ulifanyika. Haji aliandaa ukumbi, viti, maji ya baridi. Wazee wa Kipsing walifika, wakasalimia, wakasimama uani. Hawakutaka kuingia. Hawakumtukana mtu, walisema tu kuna hewa nzuri nje, na nje kulikuwa kunaungua. Wa kwetu nao, kwa heshima, wakaketi nao chini kwenye jua la uani. Walikubaliana habari ya visima na malisho siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa ndani peke yangu. Nilikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi saa zote hizo, kichwa juu, nikiisikiliza dari. Haikulia. Ilikuwa dari bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, mpaka leo iko, nendeni mkaone. Nje nilisikia wakiomba dua ya kumalizia.

Tangu hapo nilifanya kazi miaka mingi, dari nyingi, nyingine nzuri. Sina la kuwaambia kuhusu hizo. Hizo ziko juu ya vichwa vya watu na hawazisikii, kama inavyotakiwa.

Ninalotaka kumalizia ni la yule mtu wa mguu. Walimkata chini ya goti. Nilikuwa na mzeituni wa msituni uliokauka darini bandani kwangu muda mrefu, matawi mawili yaliyogawanyika yenyewe juu kama kwapa linavyotaka. Nilimtengenezea magongo. Sikuunganisha kitu, kila gongo mti mmoja, nilichonga na kulainisha tu, nikafunga ngozi ya mbuzi penye kwapa.

Nilimkuta ameketi kitandani wodini, kijana bado, amenyoa kichwa. Nilimsalimia. Hakuwa ananijua. Mke wake ndiye aliyenijua. Akamnong'oneza kwa lugha yao, na ndani ya lugha yao nikasikia lile neno la Kiswahili, bunduki.

Akanitazama, akayatazama magongo.

"Wewe ndiye mzee wa silingi?"

"Ni mimi."

Alichukua gongo moja, akalipima kwa mkono, akaligeuza akitafuta kitu. Nadhani alikuwa anatafuta misumari. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei:

"Hii nayo haitalia?"

Nilitaka kumweleza habari ya mti kukauka, na mshipa, na kwamba hakuna kilichobanwa.

"Jaribu," nikamwambia.

Mke wake akamshika kiunoni. Akayaweka kwapani, akainuka, akaachilia uzito wake wote juu ya ule mti. Tukasikiliza, watu watatu.